Kinaa ya Bibi si Ruhusa ya Wajukuu

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Bwana wetu Muhammad, na ahli zake na sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo, ndugu wasomaji, katika miji yetu midogo ya pwani liko neno moja linalosemwa kwa wema na kusikika vizuri masikioni, lakini ndani yake mna jambo linalotaka kutazamwa. Neno hilo ni hili: "Bibi hana neno, yeye ameridhika." Atalisema mtoto aliye Mombasa, atalisema mjukuu aliye Maskati, na atalisema hata jirani wa ukuta kwa ukuta. Bibi ameridhika na chumba chake, ameridhika na tasbihi yake, ameridhika na wajukuu wanaomzunguka. Nasi hulipokea neno hilo kama habari njema, tukamhimidi Mungu, kisha tukaendelea na shughuli zetu.

Makusudio ya makala haya ni kuuliza maswali mawili. La kwanza: hizi furaha ndogo ndogo za nyumba ya bibi, zina daraja gani katika dini yetu? Ni mchezo wa dunia tu, au ni kitu kizito kuliko tunavyodhani? Na la pili, ambalo ndilo kubwa zaidi: bibi akiwa kweli ameridhika, je, sisi tumesalimika?

Furaha zenyewe

Tuchukue mji wa Lamu, kwa kuwa unajulikana na wengi, na kwa kuwa mambo ya kale hayajaondoka huko kama yalivyoondoka kwengine. Vichochoro vya mji wa kale ni vyembamba, gari haipiti, na mizigo huchukuliwa na punda na mikokoteni. Nyumba za mawe zimebanana hata jirani akipiga chafya hujibiwa dua na nyumba ya pili.

Katika nyumba kama hizo bibi (au nyanya, kama wasemavyo wengine) huamka kabla ya adhana ya Alfajiri. Hahitaji saa ya kumwamsha. Huchota maji kwa kata, akatia udhu, akaswali, kisha akakaa juu ya mswala akivuta uradi mpaka kukapambazuka. Mtoto yeyote aliyepata kulala katika nyumba ile ameusikia mnong'ono ule katikati ya usingizi, na bila ya kujua maana yake akahisi kuwa mambo yako salama.

Kukicha, unga wa mahamri umekwisha umuka, hiliki inanukia mpaka ngazini, na mbaazi za nazi zinatokota. Wajukuu huja mmoja mmoja kumbusu mkono. "Shikamoo, bibi." "Marahaba, mwanangu. Umeswali?" Neno la kuswali hutangulia neno la kula, lakini sikuona bibi aliyemnyima mtoto chai kwa ajili ya jawabu lake. Akishakula huambiwa akaswali, naye huenda, kwani ni vigumu kumuasi mtu aliyekupa hamri la moto.

Watoto wakirudi chuoni huketi na juzuu zao, na bibi yuko jikoni juu ya mbuzi anakuna nazi. Mtoto akikosea herufi, sauti hutoka huko huko jikoni: "Rudia!" Hakuacha nazi yake wala hakufungua msahafu, ameihifadhi aya kwa kuwasikiliza watoto wa vizazi vitatu. Alasiri wanawake wa mtaani hupita. Huyu anasuka ukili, huyu anashona kofia, huyu anatunga asumini, na habari za mji mzima hupita hapo, za harusi na za wagonjwa, aliyesafiri na aliyejifungua. Usiku wa kuamkia Ijumaa ubani hutiwa chetezoni, husomwa Yasini, na bibi huwaombea maiti wake akiwataja majina mmoja mmoja, mama yake, baba yake, mume wake, mtoto aliyemzika akiwa na siku saba. Hivyo ndivyo watoto wanavyojifunza nasaba yao, kwa njia ya dua.

Ukiingia mwezi wa Mfungo Sita mji hubadilika. Lamu ina Maulidi yake mashuhuri katika Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh, aliyekuwa na asili ya Ngazija na akafariki mwaka 1935. Husomwa Simtud-Durar, maulidi yaliyotungwa na Habib Ali al-Habshi wa Seiwun, Hadhramaut, aliyefariki mwaka 1915. Wageni huja kutoka pande zote za pwani na ng'ambo yake. Watu huwatazama wenye dufu na wenye kanzu, na ni haki yao kutazamwa. Lakini nyuma ya kila mgeni aliyekula akashiba na akapata pa kulala, yuko bibi fulani aliyehesabu sahani, akatandika mikeka mpaka darini, na asiseme kuwa nyumba imejaa.

Na Ramadhani je? Bibi hufuturisha watu asiowaona. Bakuli la uji huenda kwa jirani, sahani ya kaimati huenda kwa mjane wa kichochoro cha pili, na sahani hizo hazirudi tupu. Yakini, kama ungetaka kumfahamisha mgeni maana ya ujirani katika Uislamu, ungeweza kumkalisha mlangoni mwa bibi huyo saa moja kabla ya Magharibi, ukamwambia atazame sahani zinavyokwenda na kurudi.

Je, furaha hizi ni za dunia tu?

Wako watu wema wenye kuogopa furaha. Huona kuwa kila dakika ya kicheko ni dakika iliyoibwa katika ibada, na kwamba mtu mwenye dini ya kweli humkuta bibi na wajukuu wake wakicheka akawakumbusha kaburi. Hofu hii si ngeni. Ilimpata Handhala, mmoja wa waandishi wa Bwana Mtume (S.A.W.). Alitoka siku moja akijituhumu kuwa amekuwa mnafiki. Sayyidna Abubakar (R.A.) alipomwuliza sababu, akaeleza kuwa wanapokuwa mbele ya Mtume na wakakumbushwa Pepo na Moto, huwa kama wanaoviona kwa macho, lakini wakirudi kwa wake zao, watoto wao na mashamba yao, husahau mengi. Abubakar akasema kuwa naye humpata hayo hayo. Wakaenda wote wawili kwa Mtume, naye akawajulisha kuwa lau wangedumu katika hali ile ya kwanza, Malaika wangepeana nao mikono vitandani mwao na njiani mwao; lakini mambo ni saa hii na saa ile. Hadithi hii ameipokea Imam Muslim.

Tazameni basi. Mtume hakumwambia Handhala awaache watoto wake. Alimtuliza. Yeye mwenyewe (S.A.W.), kama walivyopokea Bukhari na Muslim, aliwaswalisha watu huku amembeba mjukuu wake Umama, binti wa Zaynab, akisujudu humweka chini, akisimama humbeba. Ibada iliyo kubwa kuliko zote, na imamu aliye bora kuliko wote, na mtoto yuko begani. Na alipokuja Aqra' bin Habis akamwona akimbusu mjukuu wake Hasan, akastaajabu, akasema kuwa yeye ana watoto kumi na hajapata kumbusu hata mmoja. Mtume akamtazama, akamwambia kuwa asiyerehemu harehemiwi. Basi anayedhani kuwa mapenzi ya nyumbani ni upungufu wa dini, na amtazame aliyetuletea dini hiyo.

Furaha ya nyumba ya bibi, kwa hivyo, ni neema. Na neema ina hesabu. Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameikhitimisha Sura ya At-Takaathur, katika aya ya 8, kwa kutuhakikishia kuwa siku hiyo tutaulizwa juu ya neema. Mtu akisikia hivi hufikiri majumba ya kifalme, dhahabu na mashamba. Lakini Imam Muslim amepokea kuwa Mtume (S.A.W.) alitoka nyumbani kwa njaa, akawakuta Abubakar na Umar wametoka kwa njaa vile vile. Wakaenda kwa Ansari mmoja. Hawakumkuta, kwa kuwa amekwenda kutafuta maji matamu, na mkewe akawakaribisha. Mwenyeji akarudi, akafurahi sana kwa wageni wake, akawaletea kole la tende, kisha akawachinjia. Wakala, wakanywa, wakashiba. Hapo ndipo Mtume alipowaambia wenzake wawili kuwa wataulizwa juu ya neema hii.

Tende, nyama na maji matamu: hiyo ndiyo neema waliyoambiwa watu walio bora katika umma huu kuwa wataulizwa. Sisi je, tuliolelewa juu ya hamri za bibi, tukafunikwa shuka na bibi, tukasomewa Ayatul Kursiy kichwani kila tulipopandwa na homa, tutaulizwa nini?

Nani aliyeiandaa?

Kila neema hutoka kwa Mungu, hilo halina shaka. Lakini Mungu huipitisha katika mikono ya watu, na shukrani isiyofika kwenye mikono hiyo haijatimia. Mtume (S.A.W.) ametufunza kuwa asiyewashukuru watu hajamshukuru Mungu.

Hapa ndipo makosa yetu yanapoanzia. Sisi tuliokula tunakumbuka ladha, aliyepika anakumbuka kazi. Ule unga wa mahamri uliokuwa tayari Alfajiri ulikandwa usiku wakati sisi tumelala. Yale maji ya udhu yalipandishwa ngazi na mtu. Nyumba iliyojaa wageni wa Maulidi ilifagiliwa na mtu baada ya wageni kuondoka. Sisi tunasema kwa furaha kuwa nyumba ya bibi haifungwi mlango, wala hatuulizi bibi analala saa ngapi.

Mwaka 2001 mji wa kale wa Lamu uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia. Ni jambo la kheri, na nyumba zile za mawe na boriti za mikoko zinastahili kuhifadhiwa. Wataalamu wameandika juu ya milango, vidaka na kuta. Lakini ngazi za nyumba zile ni ndefu na zimesimama wima, na bibi mwenye magoti yanayouma anazipanda mara ngapi kwa siku? Nani ameandika hilo? Si kazi ya UNESCO kuandika. Ni kazi ya wajukuu.

Kinaa na maana yake

Sasa turejee kwenye neno letu la mwanzo, kuwa bibi ameridhika. Wengi wa bibi zetu wameridhika kweli. Kinaa kwao si maneno. Wamefunzwa tangu utoto kuwa utajiri si wingi wa mali, bali ni utajiri wa nafsi, na hayo ni maneno ya Mtume (S.A.W.) waliyoyatia katika maisha. Wamejua kuwa mwenye kuamka akiwa na amani nyumbani mwake, na afya mwilini mwake, na chakula cha siku yake, ni kama aliyekusanyiwa dunia yote. Basi bibi akisema "Alhamdulillahi, sina haja ya kitu," husema kweli mbele ya Mola wake.

Lakini kinaa ni ibada ya mwenye kinaa. Ni kama saumu. Mtu akifunga, thawabu ni zake, wala haifai jirani yake kusema, "Kwa kuwa yeye amefunga, sina wajibu wa kumpelekea futari." Subira ya bibi humwinua bibi mbele ya Mungu, nayo haimfutii mjukuu wajibu wake hata punje. Bali huuzidisha, kwa kuwa anayelalamika hukukumbusha, na asiyelalamika amekuachia wewe kazi ya kukumbuka.

Tena wahenga wetu wametuhadharisha waliposema: mwenye kovu usidhani kapoa. Si kila aliyenyamaza ameridhika. Yuko anayenyamaza kwa kuwa ametosheka, na yuko anayenyamaza kwa kuwa amekata tamaa ya kusikilizwa. Yuko pia anayenyamaza kwa kuwahurumia watoto wake. Ajua kodi ya nyumba waliko ni kubwa, ajua wana watoto wa kuwasomesha, basi huumeza uchungu wake akasema hana neno. Wote hawa watatu hutamka "Alhamdulillahi" ile ile. Mwenye kusimama mbali, au mwenye kuzungumza naye kwa simu dakika mbili, hawezi kuwapambanua.

Nitatoa mfano mmoja, ulio mwingi katika miji yetu. Bibi ameingiwa na mtoto wa jicho. Kila mwaka ukungu unazidi. Zamani alikuwa akisoma msahafu baada ya Alasiri, sasa amekwisha uweka juu ya kidaka. Akiulizwa, husema, "Yasini ninayo moyoni, na tasbihi haitaki macho." Watoto wakasifu: mtazameni bibi yetu, imani iliyoje! Na ni kweli, ni imani. Lakini mtoto wa jicho hutibika. Daktari huitoa lenzi ya jicho iliyofifia akatia nyengine ya kutengenezwa, nao ni upasuaji mdogo ambao mara nyingi mgonjwa hurudi nyumbani siku hiyo hiyo. Basi msahafu ule ulioko kidakani haukuwekwa huko na kadari ya Mungu peke yake. Umewekwa huko pia na watoto waliomsifu mama yao kwa subira wasimpeleke kwa tabibu. Yeye atapata ujira wa subira yake. Wao watapata nini?

Bibi aliyesimama mbele ya Khalifa

Katika kisa kimoja cha Sayyidna Abubakar (R.A.) mna fundisho kubwa katika jambo hili, na sisi waalimu hukisomesha katika mlango wa mirathi kisha tukakiacha huko huko. Wamekipokea Imam Malik, Abu Daud na Tirmidhi.

Bibi mmoja alikuja kwa Abubakar, naye wakati huo ni Khalifa wa Waislamu wote, akataka fungu lake katika mirathi ya mjukuu wake. Abubakar akamwambia kuwa haoni fungu lake katika Kitabu cha Mwenyezi Mungu, wala yeye hajui neno juu yake katika Suna ya Mtume. Lakini arudi nyumbani mpaka awaulize watu. Akauliza. Mughira bin Shu'ba akasimama, akashuhudia kuwa alikuwepo Mtume (S.A.W.) alipompa bibi sudusi, yaani moja katika sita. Abubakar hakutosheka, akataka shahidi wa pili. Akasimama Muhammad bin Maslama, akasema kama alivyosema Mughira. Hapo Abubakar akampitishia bibi yule haki yake. Na zama za Umar (R.A.) alipokuja bibi wa upande wa pili, Umar akahukumu kuwa ni sudusi ile ile, wakiwa wawili wataigawana.

Zingatieni mambo matatu katika kisa hiki. Kwanza, bibi yule hakuona haya kudai, wala hakuna aliyemwambia kuwa amepungukiwa na kinaa. Kudai haki hakuvunji kinaa. Pili, Abubakar alikuwa mtu wa zuhudi kuliko sisi sote. Angeweza kumwambia, "Mama, wewe umekwisha kuwa mzee, dunia inakupita, ridhika." Hakumpa waadhi badala ya haki. Alijishughulisha, akauliza, akatafuta ushahidi, mpaka haki ikaonekana. Tatu, haki ile haikuonekana kwa macho ya juu juu, ilitafutwa. Na ndivyo zilivyo haki za wazee wetu wengi, hazionekani ila kwa kutafutwa, kwa kuwa wenyewe hawazitangazi.

Sharia inasemaje juu yetu?

Katika madhehebu yetu ya Imam Shafii, ambayo ndiyo wanayoifuata wengi wa watu wa pwani, kuwalisha wazazi na waliokwenda juu yao, yaani babu na bibi, si ihsani tu. Ni wajibu juu ya watoto na wajukuu, wakiwa wazee hao hawana cha kuwatosha, na mjukuu akiwa na ziada juu ya chakula chake na cha watu wake cha siku ile. Hayo yamo katika Minhaj ya Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria, sawa na 1277 Miladia. Na kipimo chake ni kutosheleza: chakula na kitoweo, nguo, makazi, na mtumishi ikiwa udhaifu umemfanya ahitaji mtumishi. Walioisherehesha wakaingiza na ujira wa tabibu na thamani ya dawa. Tena watoto waliolingana daraja hushirikiana mzigo huo. Haukuwekwa juu ya kichwa cha mmoja.

Jambo hili la mwisho lastahili kukariri, kwa kuwa dhulma imekithiri ndani yake. Katika nyumba nyingi wajukuu wa kiume hutuma fedha wakasifiwa mji mzima, na mjukuu mmoja wa kike, aghlabu yule ambaye hajaolewa, huachiwa bibi usiku na mchana. Huacha masomo, huacha kazi, hukesha, huosha, hulisha, na akichoka akasema neno moja huambiwa hana radhi. Ndugu zangu, radhi ya bibi ni ya wajukuu wote, na taabu yake ni ya wajukuu wote. Haifai wengine kugawana baraka wakamwachia mmoja ndoo na tambara.

Na iko mas'ala moja katika mlango huu ambayo kila nikiisomesha huniingia moyoni. Mafakihi wamesema kuwa nafaka ya mke isiyotolewa huwa deni juu ya mume, lakini nafaka ya wazazi ikipita siku yake bila ya kutolewa huanguka; haiwi deni, ila kadhi akiwa amekwisha pitisha hukumu. Asiyejua hudhani kuwa hii ni nafuu kwa mtoto. Nami naona ni jambo la kuogofya. Deni hulipwa, hata likichelewa. Lakini siku ambayo bibi alilala na njaa, au alilala na upweke, huwezi kumlipa kesho. Imepita na dhambi yake, na haina kadhaa.

"Wakiwa kwako"

Atasema mtu: mimi natuma fedha kila mwezi, zinaingia katika simu ya bibi kabla ya tarehe tano. Namwambia, Mungu akujaze kheri, wako wasiotuma. Lakini soma vizuri Sura ya Bani Israil, aya ya 23 na 24. Mwenyezi Mungu ametuamrisha kuwafanyia wema wazazi wetu wakifikia uzee, tusiwaguneie wala tusiwakaripie, na tuwainamishie bawa la unyenyekevu kwa huruma. Na alipotaja uzee wao akaongeza neno moja dogo lenye maana ya "kwako," yaani wakiwa kwako, katika ulinzi wako. Uzee wa mzazi umetajwa pamoja na ukaribu. Fedha huvuka bahari kwa dakika moja, lakini bawa la unyenyekevu halitumwi kwa simu.

Si kila mtu awezaye kuishi na bibi yake. Riziki imetutawanya, na kutafuta riziki ya halali ni katika dini pia. Lakini kati ya kuishi naye na kumsahau mna daraja nyingi, na kila mtu ana daraja anayoiweza. Natoa nasaha nne.

Kwanza, anayepiga simu asikate pale bibi aliposema "Alhamdulillahi." Auulize mara ya pili, na swali liwe la kitu kilicho wazi: Umelala usiku? Goti la kulia vipi? Umekula nini jana? Anayeulizwa "hujambo" hujibu "sijambo" hata akiwa mgonjwa. Anayeulizwa juu ya goti hujibu juu ya goti.

Pili, anayefika nyumbani kwa likizo asiwe mgeni wa kupikiwa. Siku ya kwanza bibi atataka kukupikia, nawe kula, kwa kuwa furaha yake imo humo. Siku ya pili ingia wewe jikoni. Tazama taa ya ngazini inawaka? Mtungi anauinua nani? Dawa zimebaki ngapi? Fundi wa kutia mkono wa kushikia katika ngazi hachukui siku mbili.

Tatu, wanaomwachia bibi watoto wadogo wakaenda kazini, wamwulize kwanza, tena wamwulize akiwa peke yake. Wajukuu ni furaha, lakini mtoto wa miaka miwili ni kazi ya mtu mwenye nguvu. Furaha isiyoweza kukataliwa hugeuka kuwa utumwa.

Nne, tumpe bibi nafasi ya kuendelea kutoa. Hili ni muhimu, maana wako wanaomheshimu mzee mpaka wakamwua kwa heshima. Humkataza kupika, humkataza kushuka ngazi, humkataza kupeleka sahani kwa jirani, mpaka ikawa kazi yake ni kukaa na kungojea kifo. Furaha tulizozitaja mwanzo zote zilikuwa furaha za mtu anayetoa. Basi apunguziwe uzito, asinyang'anywe mkono wa kutoa. Abebewe ndoo, lakini yeye ndiye atakayesema sahani ya kwanza iende kwa nani. Akuniwe nazi, lakini mtoto akikosea herufi, sauti ya "Rudia!" iwe yake.

Ndugu wasomaji, hizi nyumba zenye bibi ndani yake ni hazina, na hazina hii haina ghala la kuiweka. Kila mwezi mtaani hufungwa chumba kimoja kilichokuwa na mnong'ono wa Alfajiri, na matangani husikika lile neno lile lile, kuwa marehemu hakupata kulalamika. Ni sifa njema kwake. Kwetu sisi tuliobaki ni swali, na siku ya swali hilo hatutaulizwa kama bibi alilalamika. Tutaulizwa juu ya neema.

Ewe Mola wetu, warehemu waliotulea tukiwa wadogo. Waliotangulia, yafanye makaburi yao kuwa bustani katika bustani za Peponi. Waliobaki, wape afya katika macho yao na magoti yao, na utupe sisi macho ya kuona wasiyoyasema. Usitujaalie kuwa watu wanaokula neema wakamsahau aliyeiandaa. Na umrehemu Bwana wetu Muhammad, na ahli zake na sahaba zake.

Wabillahi Tawfiq.